Kaka yuko kwenye methadoni Dar, mzee anamwita Ujiji. Aache dawa aje?

MWANA WA GUNGU
Wakuu, salamu. Kaka yangu mkubwa alikwenda Dar kutafuta maisha akaangukia kwenye unga. Kuna miaka tulikuwa tunamhesabu na marehemu. Huu mwaka wa tatu anakunywa methadoni, dawa ya maji wanayopewa hospitali walioacha unga. Kila asubuhi anasimama kwenye dirisha la hospitali, anamiminiwa kikombe, ananyweshwa na maji juu, muuguzi anamsemesha kidogo ahakikishe kameza, ndipo anakwenda kufungua kibanda chake cha kunyolea.

Sasa mzee wetu hapa Ujiji amepooza upande mmoja tangu Ramadhani. Ukimpigia simu neno ni moja: "Mleteni nimwone." Kaka anasema siku moja bila dozi ni mateso, na treni peke yake ni siku mbili kama haijakwama. Kikao cha ukoo Jumapili kimekata shauri: kama amepona, aache dawa aje. Kama hawezi kuiacha, bado ni teja, ila ametoka kwenye unga wa mtaani akaingia kwenye unga wa serikali. Hayo maneno ni ya baba mdogo, na wote waliitikia. Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai, nikanyamaza.

Nauliza nyinyi mliosoma: hii ni tiba, au ni ulevi wenye mhuri?

MGEBUKA MKAVU
Baba yako mdogo ana hoja. Tiba ina mwisho. Mseto wa malaria siku tatu, TB miezi 6. Hii mwisho wake lini? Mwombe kaka yako tarehe tu. Halafu hiyo methadoni ni dawa ya Hitler, hata jina lake la kwanza lilitoka kwenye Adolf. Tafuteni msome.

BINTI KATONGA
Sukari inaisha lini? Mama anajichoma insulini mwaka wa kumi na moja na hakuna kikao kilichokaa kumwita teja.

MGEBUKA MKAVU
Insulini haileweshi, dada.

NESI WA USIKU
Na methadoni haimleweshi aliyekwisha kuizoea kwa dozi yake. Unga unakaa mwilini saa chache, ndiyo maana teja hatulii, mara tatu nne kwa siku anatafuta kete. Methadoni inamshikilia kutwa nzima, arosto, yale mateso ya kukosa dawa, haiji, mtu anapata akili ya kunyoa watu kichwa bila kuwakata. Muhimbili walianza kuitoa 2011, si kitu cha jana. Ila wewe usiyezoea ukinywa kikombe cha mwenzako unaweza usiamke. Hiyo ndiyo kazi ya lile dirisha.

Mwana wa Gungu, asiache ghafla kwa sababu ya kikao. Arosto ya methadoni inachelewa kuanza lakini ikianza inakaa wiki kadhaa. Na hatari yenyewe iko mbele ya arosto, siku atakayorudia unga. Mwili umeshasahau, yeye anakumbuka kipimo chake cha zamani. Anakoroma, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, pumzi inahesabika, na waliopo wanasema mwacheni alale.

Msidhani haya ni ya watu wa pwani. Sisi huku Kigoma tuna tramado, vidonge vya maumivu. Nusu ya bodaboda wa Mwanga wanaendesha wakiwa wamemeza.

BODA WA MWANGA
Nusu? Ulituhesabu lini, dada nesi? Ulikuja kijiweni na daftari? Nina miaka tisa barabarani, nimebeba wajawazito wenu saa nane za usiku hadi mlangoni kwenu, na zawadi yangu ndiyo hii.

MGEBUKA MKAVU
Aliyeguswa amepiga kelele.

BODA WA MWANGA
Aliyeguswa na nini? Wewe si ndiye jana kwenye ule mjadala wa dagaa ulisema bei imepanda kwa sababu ya mbalamwezi?

MVUVI KIBIRIZI
Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, hilo kasema sawa. Na kabla hamjafika kwetu, nawaambia mapema: mtu anayekesha ziwani akivuta nyavu humeza kahawa. Nimewahi kuona mmoja tu anameza vidonge, na hatukumpakia tena. Mtu anayesinzia kwenye mtumbwi ni maiti inayopumua.

BINTI KATONGA
Mmoja uliyemwona. Hao usiowaona je?

MZEE WA BANDARI
Vijana, kwanza hilo la Hitler ni porojo. Iligunduliwa Ujerumani kabla ya Vita ya Pili, hapo sawa. Lakini hilo jina mnalosema limetoka kwenye Adolf, yaani Dolophine, lilitolewa na kampuni ya Marekani baada ya vita. Pili, tangu lini mtu wa Kigoma akakataa kitu kwa kuwa ni cha Mjerumani? Meli yetu Liemba waliileta vipande vipande kwenye masanduku, wakaiunga hapahapa, wakaizamisha wenyewe 1916, Mwingereza akaiibua 1924. Mgebuka umeipanda mara ngapi kwenda Kasanga? Ulimwuliza nahodha habari za Kaisari?

MGEBUKA MKAVU
Shikamoo mzee, na asante kwa kunisaidia. Ni Mjerumani huyohuyo, kampuni ya Bayer, aliyeuza heroini tangu 1898 kama dawa ya kikohozi. Ya kikohozi! Sasa leo nikiambiwa hii nyingine ni salama, nisicheke?

MZEE WA BANDARI
Marahaba. Cheka. Lakini Liemba ilizamishwa kwenye maji ya huko Malagarasi, maana naona kuna wanaosimulia kuwa ni pale gatini.

MTOTO WA KASULU
Naomba niseme jambo. Mama yangu alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, walitupa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, na bomba dogo la plastiki la kupimia, kila baada ya saa nne anapewa mdomoni. Tuliporudi nyumbani akaja ndugu mmoja, akasoma chupa, akasema huu ni unga wa maji, mnamfanya mama yenu teja kabla hajafa. Akaificha juu ya dari. Siku mbili mama aliuma kanga hadi ikatoboka. Nilipanda kwenye kigogo nikaishusha, nikampa, baada ya nusu saa hivi akaniuliza kama kuku wamefungiwa. Alikaa miezi mitatu mingine. Kilichomsumbua kwenye dawa ile ni kufunga choo, na walitupa dawa ya kulainisha. Kwa hiyo mkisema "ulevi", mjue neno hilo linapanda hadi darini.

BINTI KATONGA
Pole sana.

BODA WA MWANGA
Pole ndugu yangu. Lakini bado sijajibiwa kuhusu nusu.

NESI WA USIKU
Nusu nimekosea. Nilisema kwa hasira. Wiki ile tulipokea kijana ana degedege, mtu mzima, hana kifafa, hana malaria. Mfukoni tukakuta vidonge kwenye karatasi ya daftari la hesabu, kumi na kitu. Kidonge cha kawaida cha tramado ni miligramu 50, na kwa siku mtu mzima hatakiwi kupita 400. Ukizidisha, pamoja na kukata pumzi, inaleta degedege, jambo ambalo wanaoimeza wanadhani ni kurogwa. Alikuwa na kofia ya pikipiki mkononi. Ndiyo nikasema nusu.

BODA WA MWANGA
Sawa. Sasa mimi niseme langu. Mwaka juzi nilivunjika mtulinga, nikapewa tramado kwa cheti, wiki moja. Ilinituliza, siwezi kukataa. Cheti kilipoisha nikaona mgongo hauumi, abiria hawanikeri, usingizi hauji. Nikawa nanunua bila cheti kama miezi miwili hivi. Nilipoacha, jasho, kuhara, miguu inacheza yenyewe usiku. Mke wangu akadhani ni homa.

MGEBUKA MKAVU
Kumbe! Tulianza na nusu, sasa tumempata wa kwanza kwa jina.

BODA WA MWANGA
Niliacha. Unajua kusoma? NILIACHA. Tena swali langu ni kwa wenye maduka ya dawa. Mimi sina kiwanda. Mbona tunaandikwa sisi tu?

MWENYE DUKA
Nilikuwa nasoma kimya kimya. Kijana akija na pesa nikimwambia lete cheti, ananitukana, anakwenda duka la mbele, anapewa na mfuko juu. Mnataka nifunge?

BINTI KATONGA
Ndiyo.

MVUVI KIBIRIZI
Hahaha. Jibu fupi kuliko yote leo.

MWENYE DUKA
Cheka tu. Wewe panadol ya mwanao ulikopa kwa nani?

MWANA WA GUNGU
Jamani, mimi niliuliza kuhusu kaka.

NESI WA USIKU
Samahani mdogo wangu, tumekuacha kituoni. Asikate tiketi kabla ya kuzungumza na dirisha lake. Waliokaa muda mrefu na wametulia, vituo vingine huwapa dozi za kubeba, au humwandikia barua apokelewe kituo kingine. Wao ndio wenye faili lake. Akipotea siku kadhaa bila taarifa, akirudi watamwanzisha na dozi ndogo, kwa usalama wake. Na baba mdogo mpe simu, azungumze na muuguzi wa kule mwenyewe.

MGEBUKA MKAVU
Na zikiibiwa kwenye behewa hizo dozi za kubeba? Akazinywa mtoto? Sijajibiwa tarehe pia.

MWANA WA GUNGU
Tarehe nilimuuliza kaka jana. Akasema, "Mwulize baba mdogo ataacha lini miwani." Ameomba ruhusa, majibu Jumatatu. Mzee nimemwambia ni mambo ya kazi.

BODA WA MWANGA
Akija nipigie, namsubiri stesheni mimi mwenyewe hadi Ujiji. Bei ileile ya siku zote. Mgebuka akipanda ni mara mbili.

MGEBUKA MKAVU
Nusu ya safari utakuwa umesinzia.