Rimu pana na tairi 150 (upana wa milimita 150) nyuma kwenye pikipiki ya zamani, itaingia?

Wakuu habari zenu, nina pikipiki ya miaka ya 80, nyuma ina rimu ya spoki 2.15 x 18 (upana na kipenyo kwa inchi) na tairi 110/90 (upana milimita 110, kimo cha ubavu asilimia 90 ya upana), sasa nimepata rimu 4.25 x 17 nataka niivalishe 150/70, je itaingia bila kukata swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma)? Cheni ndo inanitia wasiwasi.

Jibu: Una haki ya kuogopa cheni. Kutoka 110 kwenda 150 kila upande unaongezeka milimita 20, kwahiyo pima toka ubavu wa tairi la sasa mpaka kwenye cheni, kama hupati hata 25 usianze. Wengine wanasogeza sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) zote mbili nje sawasawa, ila ya mbele ukiizidisha beringi ya shafti inateseka. Na usije ukasogeza gurudumu pembeni eti likwepe cheni, likitoka kwenye mstari na la mbele pikipiki itakuvuta upande.

Jibu: Kimo cha tairi hakina shida, kinapungua milimita 13 hivi tu. Ila ile fimbo inayozuia breki isizunguke lazima ifungwe vizuri, ikiachia gurudumu linajifunga ukiwa barabarani!!

Jibu: Mi nilifunga 150 nikajuta, kona ilikuwa nzito kulala, nikarudi 130/80-18 kwenye rimu ya inchi 3, safi kabisa mpaka leo.

Asanteni sana, nimepima nina 14 tu, basi naenda na 130.