Mizizi ya mabara ya kale: setilaiti za mvutano zinatosha, au bado tufukie vipimatetemeko?

Mpimaji Mstaafu: Wadau, setilaiti za kupima mvutano wa Dunia (graviti) tunazo: GRACE ilirushwa 2002, GOCE ikafuata 2009 mpaka 2013 ikiruka chini kabisa, kama kilomita 255 hivi. Data zao za mvutano unapakua bure. Sasa kwa nini hela ya umma bado inaenda kufukia vipimatetemeko juu ya kratoni, hivi vipande vya bara vyenye zaidi ya miaka bilioni 2.5 na mzizi mnene wa mwamba chini yake, halafu watu wanakaa mwaka mzima na zaidi kungoja matetemeko ya mbali? Mvutano haungoji tetemeko.

ChiniYaMoho: Mkuu mvutano haukwambii kina. Badiliko moja ulilopima juu linaweza kuwa mwamba mdogo ulio karibu au mkubwa ulio mbali, hesabu zinakubali vyote. Na kwenye kratoni ndo kabisa, mzizi ni wa baridi kwahiyo ulitakiwa kuwa mzito, ila ulishayeyushwa kidogo zamani zile na chuma kingi kikatoka, ukawa mwepesi, viwili vinafutana. Mwanajiofizikia Tom Jordan kaliandika hilo tangu miaka ya 70. Setilaiti inapita juu ya mzizi wa kilomita 200 na haioni cha maana, wakati mawimbi ya S ya matetemeko (yale yanayotikisa mwamba kwa pembeni) yakifika pale yanaongeza kasi. Wachora rangi wa setilaiti watuache kidogo.

BiGraviti: Nani mchora rangi?? Nyie ndo mnapaka bluu mnasema baridi, nyekundu mnasema moto, mtu akigusa skeli ya rangi mzizi mzima unapotea. Tomografia yenu, hiyo picha ya chini ya ardhi mnayochora kwa mitetemo, mnailainisha mpaka kidoa kinakuwa bara. Angalau sisi tunasema wazi kwamba majibu ni mengi, nyie mnaficha kwenye ulainishaji.

ChiniYaMoho: Dada umekasirikia neno moja, hoja ya uzito kufutana hujaigusa.

BiGraviti: Usiniite dada huku unanitukana.

Mwokota Mawe: Nyote wawili hamjawahi kulishika hilo jiwe mnalogombania. Kimbalaiti, mwamba wa volkano unaotoka kina kirefu, inapanda na vipande vyenyewe vya mantili, tabaka lililo chini ya ganda la Dunia, na almasi haikai imara mpaka upite kina cha kilomita 150 hivi, ukiikuta ujue mzizi mnene ulikuwepo siku ile inapanda. Huhitaji rangi wala setilaiti.

Kijana wa Jiolojia: "Siku ile" mzee ndo neno. Si nasikia kule China kaskazini mzizi umeisha wote? Tunafundishwa kratoni ni za milele

Mwokota Mawe: Sio wote, ni upande wa mashariki, Ordos kule magharibi bado mnene. Kimbalaiti za Mengyin na Fuxian, huko huko mashariki, zilipanda miaka milioni 470 na ushee iliyopita zikiwa na almasi, halafu basalti (mawe meusi ya volkano) za juzijuzi pale pale zinaleta mawe ya kina kifupi tu. Ulikuwepo, ukaondoka.

Mpimaji Mstaafu: Jamani mimi niliuliza habari ya hela.

ChiniYaMoho: Na leo unene wa huko mashariki umejulikanaje kama sio kwa mitetemo? Jiwe linakwambia zamani, halikwambii sasa hivi.

Mkaa Kimya: Mzee Mpimaji, hoja ya bure haisimami. USArray, mtandao wa vipimatetemeko wa Marekani, ilianza 2004, vituo 400 hivi kwa mpigo vikihamishwa kila baada ya miaka kama 2, umbali kilomita 70 kati ya kimoja na kingine, na data zake nazo ziko wazi kwa yeyote. Gharama ni ya kukusanya. Mimi nasema mitetemo ikupe umbo, mvutano ukukatalie uzito usiowezekana, uzitatue pamoja kwenye hesabu moja.

BiGraviti: Finally, samahani, hatimaye kuna mtu kasoma. Ila mbona mvutano umekuwa wa kukatalia tu? Unene wa ganda kati ya kituo na kituo mnaujazaga na nini kama sio sisi?

Kijana wa Jiolojia: ila huo wa China ulienda wapi sasa

Mwokota Mawe: Uliliwa taratibu kutoka chini.

ChiniYaMoho: Wengine wanasema ulikatika ukazama kipande kizima.

Mwokota Mawe: Kama ulizama si ungeonekana kwenye mawimbi yenu, haya nionyeshe uko wapi.

ChiniYaMoho: Mzee, miaka zaidi ya milioni 100 imepita, ulitaka tuukute umesimama pale pale unatungoja?