Riwaya za mapenzi: tubadili mwisho, au tubadili wahusika?

Muuza vitabu, Mwanjelwa, Mbeya: Poleni na baridi, ndugu zangu. Juzi mama mmoja muuza viazi alichukua riwaya ya mapenzi mezani kwangu, akafungua kwanza ukurasa wa mwisho. Alipoona wawili wale wako pamoja, akalipa. "Za kuachana ninazo nyumbani," akaniambia.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema mwisho mwema umepitwa na wakati. Msomaji wa upelelezi anataka muuaji ajulikane. Wa mapenzi anataka wapendanao wafike. Shida yangu ni nani anafikishwa. Zetu nyingi ni binti mweupe wa miaka 20, kijana wa Masaki mwenye gari, na mama mkwe mkorofi. Mjane mwenye udongo wa milima ya Uporoto kwenye kucha akiwemo, basi ni mpishi wa harusi.

Marekani nako walichelewa: tuzo yao ya riwaya za mapenzi, RITA, ilikuwa na zaidi ya miaka 35 waandishi weusi, Kennedy Ryan na M. Malone, walipoipata kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Nijeria hawakusubiri tuzo ya mtu. Wachapishaji Cassava Republic walianzisha chapa ya Ankara Press mwaka 2014, riwaya za mapenzi ya Waafrika katika miji yao wenyewe. Sisi je?

Mwalimu, Iringa: Kamwene, kaka. Wanafunzi wangu wanazisoma usiku kwa tochi. Wanaamini mwanaume mkali ukimvumilia atalainika, maana kitabuni hulainika. Huo mwisho mwema ndio unaowafunga. Ukibadili rangi ya binti, ukali unabaki palepale.

Msomaji, Makete: Mimi natembelea magongo tangu utotoni. Riwayani nimekutana na wenzangu mara mbili: mmoja alipona kwanza ndipo akapendwa, wa pili alikufa ili shujaa ajifunze huruma. Mwalimu, wewe mwisho mwema umeushiba. Mimi sijauonja.

Muuza vitabu, Mwanjelwa: Mwalimu, hapo umenishika. Kofi la sura ya tatu halifutwi na pete ya sura ya mwisho, na anayeandika hivyo anawadanganya watoto. Lakini basi tuandikieni mwanaume mpole anayesisimua, msituondolee furaha. Dada wa Makete, nakuomba hiyo ya magongo uiandike wewe.

Mama wa viazi alipita tena leo, akauliza kama kuna chenye mtu wa umri wake. Nimepekua meza nzima, nikakosa cha kumpa.