Fundi anakuja Mafinga na kamera: ajipange vipi?

Fundi wa alumini, Kilifi

Salaam nyote. Nimepata kazi ya madirisha ya alumini Mafinga, mkoa wa Iringa. Mwajiri ni Mtanzania mwenye karakana yake, mkataba wa miaka miwili. Nimefanya kazi Nairobi na Doha, lakini Tanzania mwisho wangu ni Tanga, kwa shangazi. Nina maswali matatu. La kwanza vibali. La pili baridi, maana naambiwa Juni huko si mchezo. La tatu msinicheke: nina kamera. Si biashara, ni ugonjwa tu. Kule Doha kila Ijumaa nilikuwa napiga picha za wenzetu kambini, wakinyoana, wakipika. Je, Mafinga mtu anaweza kutembea na kamera mjini asikamatwe?

Mhasibu, Mbeya mjini

Karibu kaka. La vibali nalijibu mimi. Muhuri wa mgeni wanaokugongea Horohoro si ruhusa ya kufanya kazi, hata siku moja, hata kama sote ni Afrika Mashariki. Mwajiri wako anaomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi daraja B Uhamiaji. Usipande basi kabla havijatoka. Vikitoka visome vizuri: vinamtaja mwajiri, kazi na mahali. Ukionekana Jumapili unamfungia jirani dirisha kwa malipo yako mwenyewe, umevunja sheria.

Jingine. Tangu Julai 2025 kuna amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, rejareja, saluni na viwanda vidogo vikiwemo. Kwa hiyo wale wanaokushauri uje kama mfanyakazi halafu mbele ufungue karakana yako, waitikie tu "sawa" halafu usifanye.

La kamera namwachia seremala wetu wa Mafinga. Anasoma humu kila siku ila mvivu wa kujibu.

Seremala, Mafinga

Uvivu sikatai, lakini hili limenigusa.

Bwana fundi, mimi ni wa Lamu, nimefika hapa 2022. Kilichonileta ni mbao. Unakumbuka kwetu serikali ilizuia ukataji miti misituni tangu Februari 2018, mbao za paa zikawa zinakuja na malori kutoka huku. Nikaona badala ya kungojea lori, heri nilifuate linakotoka. Katazo lilikuja kuondolewa 2023, mimi nimeshanunua blanketi la pili, nikabaki. Shamba la miti la Sao Hill liko hapa mlangoni, ndilo kubwa kuliko yote ya serikali nchini, na pembeni yake kila mwenye ekari mbili ana misonobari yake. Kwa mtu aliyelelewa na mbambakofi na msaji, mbao hizi mwanzoni ni tusi. Laini kama muhogo. Unapiga randa inateleza vizuri, unafurahi, kesho asubuhi ubao umejikunja kama pweza chunguni. Utazoea. Wewe una alumini, una bahati.

Sasa kamera. Wiki yangu ya pili nilikwenda kuchagua mbao kwenye dingdong. Ni mashine ndogo ya kupasulia magogo, inahamishwa shamba hadi shamba, utazisikia kabla hujaziona. Jua lilikuwa linapenya kwenye vumbi la mbao, vijana watano wamejaa unga wa njano mpaka kwenye kope. Nikainua kamera. Kufumba na kufumbua nimebaki mimi na mashine inayonguruma, wenzangu wote wako mtaroni. Mwenye mashine akaja na kipande cha ubao mkononi, mpole kabisa, akaniuliza, "Mzee, wewe ni wa maliasili au wa kodi, TRA?"

Nikamwambia mimi ni fundi wa viti. Akasema, "Fundi wa viti anaitakia nini sura yangu?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina la kuridhisha.

Nilirudi baada ya siku nne na picha ya ile mashine peke yake, niliyoipiga wakati wao wako mtaroni. Karatasi, si simu. Nilikuwa nimeisafishia Iringa mjini. (Huku picha "husafishwa". Mimi niliuliza wapi wanaosha picha, kijana akanionyesha pa kuoshea magari.) Wakaipokezana, wakaicheka: mashine bila watu ni kama harusi bila bibi harusi. Wakajipanga wenyewe. Mmoja akasema anakwenda kunawa uso kwanza. Nikamsihi asinawe. Akanawa. Ninayo picha hiyo hapa karakana: wanne wa njano kama wamechovywa kwenye bizari, na mmoja katikati anang'aa kama anatoka ubarikio. Ndiye aliyeomba nakala tatu.

Tangu siku ile utaratibu wangu ni mmoja: nikichukua sura ya mtu, narudisha karatasi. Kila mwisho wa mwezi nachagua picha kumi, naziweka kwenye flashi, nampa kondakta wa gari la Iringa. Ni kilomita kama 80. Anaziacha studio, jioni anarudi na bahasha. Gharama ya picha moja ni kama soda. Halafu Jumapili nzima nazunguka kugawa, na hapo ndipo nimeujua mji huu, maana mtu wa Kinyanambo ukimpelekea picha hakuachi urudi bila kukaa. Madirisha ya karakana yetu hayajawahi kuniingiza ndani ya nyumba ya mtu kwa namna hiyo. Nikifunga dirisha naonyeshwa dirisha tu.

Pesa sichukui. Sababu ya kwanza ameshaitaja mhasibu: kibali changu kinasema seremala, hakisemi mpiga picha. Ya pili ni kwamba akilipa, anachagua. Atavaa koti la mjomba wake, atasimama wima kama anaapishwa. Asipolipa, ananiachia nimpige anavyomenya viazi. Malipo yanakuja yenyewe: viazi hivyohivyo, maparachichi, na mara moja jogoo aliyekuwa na umri kunizidi. Tulimchemsha kuanzia saa sita, tukala saa tatu usiku, kwa heshima zaidi kuliko kwa hamu.

Fremu natengeneza kwa vipande vinavyobaki, kwa idhini ya bosi. Hapo nilijiaibisha, na wewe fundi mwenzangu utanielewa. Nilimtengenezea binti mmoja fremu ya picha ya harusi yake kwa mbao mbichi, nimezipasua wiki hiyohiyo, nikapaka vanishi, nikajisifu. Wakaitundika ukutani karibu na jiko la mkaa. Joto likaamsha utomvu kwenye jicho la mbao, ukatiririka taratibu juu ya gauni jeupe mpaka miguuni. Mama yake aliniita nikaone. Hakusema neno, aligusa tu kwa kidole, akanionyesha kidole kinavyonata. Siku hizi mbao za fremu zinakaa juu ya dari miezi mitatu, nimezipanga na vijiti katikati hewa ipite, na kipande chenye jicho kinakwenda jikoni moja kwa moja.

Watakuuliza kwa nini hupigi picha za hifadhi ya Kitulo, maua, bustani ya Mungu. Nenda ukapumzike, ni pazuri kweli. Ila maua ya Kitulo yana wapiga picha wa kutosha. Stendi ya hapa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, mabasi yanawasha taa ndani ya ukungu na mama wa chai amejifunga kanga tatu juu ya sweta la kijeshi, hiyo haina mtu. Na fundi viatu wetu ambaye kila kiatu anachomaliza anakinusa kabla ya kukitoa. Nimempiga mara kumi na moja nikitafuta ile sekunde ya kunusa. Sijaipata. Anasema akiniona pua inaziba.

Mahali pa kuacha kamera begini: kambi ya jeshi ya JKT, kituo cha polisi, mizani, madaraja, reli ukifika Makambako, na geti lolote wanapokagua hati za mbao. Hapo hata simu usiitoe kwa madaha. Droni usilete, ina vibali vyake.

Muuguzi, Tukuyu

Kaka, karibu sana. Mimi naongeza la unyevu, kwa kuwa seremala yuko pakavu. Huku Rungwe mvua ikianza inasahau kuondoka. Kamera ya mume wangu ilishika ukungu ndani ya lenzi, ukiitazama kwenye mwanga unaona nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Iweke kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chumvichumvi vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usiifungie kwenye begi la ngozi kabatini, huko ndiko ukungu unakozaliwa.

La pili, watoto. Mama kwanza, kamera baadaye. Watoto wa huku wataijaza kamera yako nyuso kabla hujafungua kifuniko, lakini mtoto kukukimbilia si ruhusa. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, picha ya mtu ni taarifa yake. Nilikuwa kliniki siku moja, mgeni mmoja anapiga picha za foleni ya kina mama kana kwamba amekuja mbugani. Tulimtoa nje kwa upole, ila ule upole ulikuwa kazi.

Na wewe seremala, mweleze mwenzako habari ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Usijifanye mwalimu asiyewahi kurudia darasa.

Seremala, Mafinga

Nilijua tu.

Basi. Ulikuwa msimu wa ulanzi, mvua zimeshika, mianzi inachuruzika. Saa nne asubuhi nikapita kilabuni, kina mama watatu wamekaa kwenye benchi, vikombe vya plastiki mkononi, wanacheka hadi mmoja ameegemea ukuta. Niliomba, wakakubali. Picha ikatoka safi kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Jioni nikaiweka Facebook.

Kumbe yule aliyeegemea ukuta aliaga nyumbani kuwa anakwenda kwenye kikao cha vikoba, kikundi cha kuweka akiba, na hela ya hisa amepewa. Mumewe yuko Dar. Akaiona usiku uleule.

Kesho yake wakaja karakana wote watatu. Hawakupiga kelele. Mwenyewe akaketi kwenye kigoda ambacho hata sijakipiga msasa, akasema, "Fundi, picha nzuri sana. Sasa simu utampigia wewe."

Nikampigia. Nikaanza na shikamoo, ingawa kwa sauti ni mdogo wangu. Nikaeleza kwamba kosa ni langu, mimi ni mgeni, nimeshaiondoa. Kimya. Kimya kirefu, nasikia daladala za Dar zinapiga honi nyuma yake. Kisha akauliza, "Huo ulanzi ulikuwa mtogwa au mkangafu?"

Mtogwa ni mtamu, mkangafu ndio mkali. Nikasema mtogwa. Mungu anisamehe.

Mama aliinuka na kigoda chake, akaondoka nacho. Sikuuliza. Na karatasi yake alichukua pia, naambiwa iko ndani ya Biblia.

Kwa hiyo swali ninalouliza siku hizi si "naomba nikupige picha?" Hilo kila mtu anajibu ndiyo. Nauliza, "Nikiiweka mtandaoni, nani hutaki aione?" Wengi wanafikiri kidogo, halafu wanasema usiiweke. Sina picha mtandaoni sasa, nina boksi mbili za viatu zimejaa nakala, kila moja nyuma nimeandika mwezi na mtaa kwa penseli. Kalamu ya wino inapenya ikatokea usoni mwa mtu, hilo nalo nimejifunza kwa gharama.

Fundi wa alumini, Kilifi

Nimecheka hadi mke wangu ameuliza nasoma nini. Ahsanteni. Mwajiri amesema vibali viko njiani, sitapanda basi kabla. Bado baridi. Na lugha, nasikia tunaonekana wakorofi?

Seremala, Mafinga

Lugha ni neno moja: naomba. Kwetu ukisema "nipe chai" umesema chai. Huku umetoa amri. Naomba chai, naomba misumari, naomba kupita. Na pole, hata kwa aliyejikwaa mwenyewe ukiwa mbali. Wazee wasalimie "kamwene", watakujibu maneno mengi, tabasamu.

Baridi: Juni hadi Agosti. Usinunue jaketi Mombasa, watakuuzia la mapambo. Mitumba ya hapa ni mizito na wanajua wanachouza. Betri ya kamera asubuhi ibebe mfuko wa ndani wa shati, ikipoa inajifanya imekufa. Na ukitoka nje kwenye baridi kuingia jikoni kwenye moto, acha kamera begini kwanza ipate joto polepole, la sivyo lenzi itatoa jasho.

Njiani: Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi, kama kilomita 50. Utawaona tembo, mkono utakuwasha, na basi halisimami. Pigia dirishani, picha zitatoka na mtikisiko, zitupe. Mlima Kitonga usilale. Kondakta mwambie unashuka Mafinga, mwambie mara mbili, maana wakishaweka filamu watu wanajikuta Makambako. Nitakuwa pale wanapouza viazi, nina kofia ya kiua.

Halwa kilo moja. Ifunge vizuri, iweke mbali na kamera.