Mjadala: Mtoto mwenye usonji akichokozwa hadi akapiga, aadhibiwe nani?

Asalaam aleikum. Suala hili lilizuka kwenye kikao cha wazazi wa shule moja hapa kisiwani Lamu, tukatawanyika bila jawabu. Nalileta hapa tulizungumze kwa utaratibu.

Mvulana wa gredi ya tano mwenye usonji (autism, hali ya ubongo inayomfanya mtu awasiliane na kuhisi mambo kama sauti tofauti na wengine) alimtupia mwenzake chupa ya maji ya chuma, ikampasua juu ya jicho. Mwenzake akapelekwa hospitalini, akashonwa. Hilo halina ubishi. Lakini muhula mzima kabla ya siku hiyo, wavulana wanne, akiwemo huyo aliyeshonwa, walikuwa wakimpigia makofi sikioni kwa sababu waligundua kwamba kelele za ghafla humtesa. Walimfichia viatu, wakamwiga anavyotikisa mikono. Mama yake alilalamika zaidi ya mara moja, akajibiwa kwamba watoto ndivyo walivyo. Baada ya chupa kurushwa shule ikaamua: aliyeirusha akae nyumbani wiki mbili, kisha akirudi wote wapeane mikono mbele ya paredi, yaishe.

Msimamo wangu nausema mapema. Shule ilihukumu kesi ya ugomvi, na lililokuwapo ni uonevu.

Watoto wawili wenye nguvu sawa wakigombania mpira na kutukanana, suluhu yafaa, na sisi watu wa pwani kazi ya suluhu tunaijua. Uonevu ni jambo jingine. Dan Olweus, mtafiti aliyeuchunguza uonevu Norway wakati nchi hiyo ilipoanza kampeni ya kitaifa ya kuupinga shuleni mwaka 1983 baada ya wavulana watatu kujiua, aliutambua kwa mambo matatu: hufanywa kwa makusudi, hurudiwa, na anayeonewa ana nguvu ndogo kuliko wanaomwonea. Kwenye kisa chetu yote matatu yapo. Kuwasimamisha watoto hawa watano mbele ya shule nzima wapeane mikono ni kuwafanya wote washitakiwa wa kosa moja. Na kwa mtoto ambaye kuguswa na kutazamwa na mamia ya watu ni mateso, mkono huo ni adhabu ya pili.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Waonevu hujifunza upesi kuchokoza kwa sauti ndogo, mwalimu anapogeukia ubao. Mtoto mwenye usonji, au yule asiyeweza kutulia wala kumakinika, akilipuka hulipuka waziwazi. Akihojiwa, analia au ananyamaza, ilhali wenzake wanne wana maelezo mamoja yaliyonyooka. Ripoti itaandikwa kwa kinywa cha nani?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kutendewa ukatili au kudhalilishwa, kimwili au kinafsi. Anayeikiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000 au kufungwa jela muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu cha 35 hakiruhusu mwanafunzi afukuzwe mpaka njia nyingine zote za kumrekebisha zishindikane, na yeye na mzazi wake wasikilizwe. Najua wiki mbili si kufukuzwa. Lakini huyu mtoto, ni nani aliyemsikiliza?

Karibuni.

Baba wa watatu, Langoni

Waaleikum salaam, Bi. Nimekusoma kwa makini, na uchungu wa huyo mama nauelewa. Lakini aliyeshonwa naye ni mwana wa watu. Chupa ingeshuka kidogo angelipoteza jicho. Mwanangu akirudi na damu usoni, niambiwe mwenzake ana usonji, basi niridhike? Watoto wanatazama. Wakiona mmoja anapiga na hafanywi kitu, watasema sheria ni ya wengine. Pia mtuambie, shule ya kawaida isiyo na mwalimu aliyesomea mambo haya inamsaidia nini? Vitengo maalumu vipo. Kwa nini asipelekwe huko, akatulia yeye na wenziwe?

Mwalimu, Malindi

Kaka wa Langoni, kitengo maalumu hakiendewi kwa kutamka tu. Mtoto lazima apitie kituo cha tathmini, hivi tunavyoviita EARC, ambavyo vimekuwapo nchini tangu 1984. Na sera ya mwaka 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu inatilia mkazo kwamba wasome pamoja na wenzao. Wengi hawajawahi kutathminiwa hata mara moja. Kwenye rekodi zetu ni watukutu tu.

Sitaki kuwatupia wazazi lawama. Darasa langu lina watoto zaidi ya hamsini, na msaidizi sina. Ila kuna tulilolifanya bila pesa. Tuliweka daftari moja, kila uchokozi hata ule mdogo ukaandikwa: saa ngapi, wapi, nani alikuwa karibu. Baada ya wiki chache tukaona karibu yote yanatokea kwenye foleni ya uji, na mlangoni kengele inapolia. Tukaanza kumtoa yule mtoto aliyekuwa akichokozwa dakika chache kabla ya kengele. Wenzake walinung'unika, "mbona yeye?" Kwa ridhaa ya mama yake tukakaa na darasa tukawaeleza. Matatizo hayajaisha, ziko wiki yanarudi, lakini kulipuka kumepungua, na safari hii mkuu wa shule alipouliza nani alianza, tulikuwa na la kumwonyesha.

Kijana wa Shela

Mimi niligunduliwa kuwa na usonji nikiwa mtu mzima. Shuleni nilijulikana kwa ukaidi. Nilikuwa nikizungukwa na kuulizwa, "Kwa nini umempiga?" na maneno yote yananikimbia. Baada ya saa mbili ningeweza kueleza kila kitu tangu mwanzo, ila hakuna aliyerudi kuniuliza. Mwalimu akisema "nitazame ninaposema nawe," nilitazama chini ili nimsikie vizuri. Ikaandikwa kiburi.

Aliyeanzisha mada

Shela, mwanangu, ahsante. Hilo la kurudi kumuuliza baadaye halikunijia kabisa, na wala halihitaji bajeti wala kibali.

Baba wa Langoni, tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Aliyeshonwa ana haki ya kuwa salama, na aliyerusha chupa lazima afundishwe kwamba kurusha hakufai, afundishwe pia la kufanya anapozidiwa: atoke, aende kwa mwalimu fulani, akae mahali palipo kimya. Aombe radhi pia, kwa wakati wake na kwa njia anayoiweza, hata kwa kuchora au kuandika. Sijasema asiguswe. Nasema wiki mbili za kukaa nyumbani hazikumfunza lolote kati ya hayo, na wale wanne zimewafunza kwamba ukizidisha makofi kidogo, mwenzako anaondolewa. Kitengo maalumu ukikitumia hivyo, kinakuwa ushindi wao. Akipelekwa, iwe kwa sababu ya masomo yake, baada ya tathmini, wala isiwe kwa sababu wengine hawakukanywa.

Nao wakanywe faraghani, mmoja mmoja, wazazi wao wakiitwa. Mpango wa KiVa, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Turku huko Finland, hufanya hivyo: anayeonewa huzungumziwa peke yake, waonevu peke yao, na kazi kubwa zaidi hufanywa na darasa zima, wale watazamaji wanaocheka. Darasa likiacha kucheka, makofi ya sikioni hayana tena ladha. Kwenye shule yetu, wale waliokuwa wakicheka hakuna aliyewauliza neno.

Mwalimu, hizo EARC kwa watu wa visiwani si jambo jepesi. Mzazi wa Kizingitini kwa huduma kama hiyo hupanda boti kwanza, na siku hiyo kazi yake imelala. Ndiyo maana daftari lako limenivutia: halingoji tathmini ya mtu. Bodi yetu inakutana shule zikifunguliwa, na nataka kulipeleka kama pendekezo. Nisaidie kwa mawili. Daftari hushikwa na nani, mwalimu wa darasa au wa zamu? Na watoto wenyewe, mnawaruhusu kuandika humo, au wanamwambia mwalimu naye ndiye anayeandika?