*Kuningaz: kiishio -az kinajulikanaje?

mzizi_na_shina: Kifini kina *kuningas* (mfalme), Kirusi *knyaz* (mtawala, cheo cha chini ya mfalme), Kilithuania *kunigas* (kasisi). Yote yanarudishwa kwenye \*kuningaz ya Kigermaniki mame (lugha mama ya Kiingereza, Kijerumani na Kinordi), neno lisiloandikwa popote, ndiyo maana ya nyota mbele yake. Hiyo -az imetoka wapi? Na *queen* ya Kiingereza ni ndugu?

Bwana_Irabu: Anza na Kifini chenyewe. Kinordi cha kale kina *konungr*, -az imebaki r tu. Kiingereza cha kale *cyning* (leo *king*) kimeitupa kabisa. Kifini kilikopa kabla kiishio hakijakatika, na kwa kuwa hakikuwa na z, kikaweka s. Pima kwa *rengas* (pete) dhidi ya *hringr*: mpangilio uleule. Tena -az tunayo kwa maandishi: pembe ya dhahabu ya Gallehus, Denmark, iliyopatikana 1734, ilichongwa *holtijaz* kwa herufi za runi, maandishi ya kale ya Wagermaniki. Basi nyota ile mbele ya neno si kubahatisha.

*Queen* hapana. Hiyo ni \*kwēniz, mzizi wa "mwanamke", ndugu wa *gynē* ya Kigiriki. Sauti ya k mwanzoni mwa *king* na *queen* imewachanganya wengi.

mzizi_na_shina: Na ndani ya neno?

kale_za_maneno: \*Kunja- "ukoo", pamoja na -ing- ya kuonyesha mtu ni wa wapi au mzao wa nani, kama Wamerovingi, ukoo wa wafalme wa Wafranki, wazao wa Merovech. Linganisha *genus* ya Kilatini: g ya kale iligeuka k kwa Sheria ya Grimm, kanuni ya mabadiliko ya konsonanti katika Kigermaniki.

Ukifuata Kijerumani, angalia hatua mbili. I ya kiambishi ilivuta u ikawa ü (*künic*), kisha ü ikashuka kuwa ö mbele ya n: *König*. N ya pili ilianguka, kama *Pfenning* ilivyokuwa *Pfennig*. Asiyejua hili huona -ig akadhani ni kiambishi cha vivumishi, na hapo uchambuzi wote huharibika.

Bwana_Irabu: Nyongeza: Kigothi, lugha ya tawi la mashariki la Kigermaniki, hakina neno hili. Biblia ya Wulfila, askofu aliyeitafsiri kwa Kigothi karne ya 4, huandika *thiudans*, kutoka \*theudō "watu, taifa". Kwa hiyo kulipachika \*kuningaz kwenye matawi yote matatu ya Kigermaniki kunahitaji tahadhari; ushahidi wa moja kwa moja ni wa kaskazini na magharibi. Upande wa Baltiki maana ilihama zaidi: Kilatvia *kungs* ni "bwana" tu, na *ksiądz* ya Kipolandi, iliyopitia Kislavi cha kale, nayo ni kasisi.