Naomba ushauri: kinanda kinakwaruza, maiki haisikiki

Mwanzisha uzi (Mikindani, Mtwara):
Habari zenu wakuu. Kikundi chetu cha kaswida kimenunua miksa ya mtumba, na kila chaneli ina tundu la pini 3 na tundu la jeki nene. Kinanda tukikichomeka kwenye pini 3, kwa waya tulioungiwa na fundi, kinakwaruza hata fada (kitelezi cha sauti) ikiwa chini. Maiki nayo tukiichomeka kwenye jeki, inasikika kwa mbali mno ijapokuwa geini (kitufe cha kukuza ishara inayoingia) imefika mwisho. Muuzaji anashikilia kwamba miksa ni nzima. Tumwamini?

Mjumbe (Masasi):
Mwaminini, kwa maana mmepishanisha matundu tu: maiki iende kwenye pini 3, kinanda kwenye jeki. Maiki ya kuimbia hutoa milivolti chache, na ndiyo sababu nyuma ya pini 3 kuna priampu, yaani kikuza ishara cha mwanzo, inayoweza kuikuza ishara hadi mara 1,000 hivi, yaani desibeli 60. Kinanda hutoa kiwango cha laini, yaani ishara yenye nguvu kuliko ya maiki, ambacho kwa vifaa vya kitaalamu huhesabiwa kuwa volti 1.23 na kwa vifaa vya nyumbani volti 0.316. Kukichomeka kwenye tundu la maiki ni sawa na kumpigia kelele mtu aliyetega sikio asikie mnong'ono.

Mjumbe (Nachingwea):
Si washushe masta tu, ile fada ya sauti yote?

Mjumbe (Masasi):
Haitasaidia, ndugu yangu. Mkwaruzo unazaliwa kwenye priampu, pale vilele vya wimbi vinapokatwa kwa kukosa nafasi, na fada zote zinakuja baada ya hapo; ukizishusha utapata mkwaruzo uleule kwa sauti ndogo. Ikiwa kinanda kiko mbali na miksa, tafuteni kisanduku cha DI, ambacho hushusha kiwango hicho na kuwezesha waya mrefu wa pini 3 kutumika bila mvumo. Waya wa fundi uwekeni kando, hasa kama miksa ina swichi ya volti 48 za maiki za kondensa (zile zinazohitaji umeme kutoka kwenye miksa), kwani umeme huo unaweza kuingia kwenye kinanda.

Mwanzisha uzi:
Ahsante sana, kinanda kimetulia. Imebaki simu ya kupigia midundo, ambayo ni dhaifu. Je, tuipitishe kwenye amplifaya ya zamani, kisha tutoe waya kwenye matundu yake ya spika hadi kwenye miksa?

Mjumbe (Lindi mjini):
Msithubutu. Amplifaya ya wati 100 kwenye spika ya ohm 8 hufikisha volti 28 hivi, ilhali tundu la laini linategemea volti moja hivi, kwa hiyo mtaiunguza miksa. Pandisheni sauti ya simu karibu na mwisho, ichomekeni kwenye jeki, kisha ongezeni geini polepole wakati sehemu yenye kishindo zaidi ya mdundo inapigwa, na taa nyekundu ikianza kumeta rudini nyuma kidogo. Maiki zipangeni vivyo hivyo, lakini mwimbaji aimbe kwa nguvu zake zote, si kwa "moja, mbili" ya kujaribia.